Ubeti wa Tatu na Kofia ya Mgeni

Ubeti wangu wa tatu ulikatwa Jumanne saa nne asubuhi, katika ofisi ya kijiji cha Kiranjeranje, kwa kalamu nyekundu na rula. Kalamu ningeisamehe. Lakini rula! Mtu anayekata shairi kwa rula amekaa chini, amefikiri, na amedhamiria.

Aliyeukata ni Bwana Optatus, afisa aliyetumwa kuandaa mapokezi. Alhamisi tulikuwa tunapokea mgeni kutoka ubalozi wa Vietnam, afisa wa biashara, anayekuja kufungua banda letu jipya la kubangulia korosho. Mashine kumi zilizofungwa mle bandani zilitoka kwao, na wataalamu wawili waliowafundisha kina mama kuzitumia walitoka kwao pia. Umeme uliokuwa ukizizungusha ulikuwa wetu, na mabati yalikuwa yetu. Korosho, bila shaka, ilikuwa yetu. Mimi niliombwa kuandika shairi la kumpokea.

"Shairi lako zuri sana, Bashiru," akasema Bwana Optatus. "Nimeondoa ubeti mmoja tu."

"Umeondoa moyo, mheshimiwa. Umebakiza mikono na miguu."

"Mikono na miguu inatosha kumsalimia mgeni."

Ubeti wenyewe ulikuwa huu:

*Korosho yaenda meli, na koti lake mwilini,*
*Hurejea toka mbali, uchi ndani ya sahani,*
*Jina lake la asili, halisomeki usoni,*
*Rafiki wa kweli njoo, tufungashe kwa pamoja.*

Nausema bila haya: ni ubeti mzuri. Nimejifunza mizani peke yangu, kwa kuhesabu kwenye vifundo vya vidole nikisubiri abiria wa bodaboda pale njia panda, na katika mistari minane ya nusu nusu mle ndani hutakuta hata mmoja uliopungukiwa silabi.

"Tatizo ni nini?" nikauliza.

"Tatizo? Umemwambia mwakilishi wa nchi rafiki kwamba korosho iko uchi."

"Si imevuliwa ganda? Ina nguo gani?"

"Halafu unamsema kwamba wametufutia jina. Mtu amekuletea mashine kumi, wewe unamdai karatasi ya kufungia! Uhusiano wa nchi na nchi, kijana, ni kama yai. Unalibeba hivi." Akakusanya viganja akanionesha. "Wewe unataka kulibeba kwenye pikipiki yako."

"Mimi hubeba trei nzima za mayai kwenye pikipiki yangu, kutoka Masoko mpaka hapa. Halijapasuka hata moja."

Hakucheka. Alinirudishia karatasi akasema nikiusoma ubeti ule, atakizima kipaza sauti yeye mwenyewe. Nami, kwa kuwa damu yangu huchemka kabla ya chai, nikamwambia nitasoma shairi zima au sitasoma kabisa, na nikatoka nje nikaisahau kofia yangu ya pikipiki juu ya meza yake. Ilibidi nirudi kuichukua. Ni vigumu sana kuondoka kwa hasira mara mbili.

Lakini hasira ile haikuwa ya majivuno tu. Ubeti ule haukuwa wangu peke yangu. Mama yangu, Mastura, amebangua korosho kwa mkono tangu sijazaliwa. Mafuta ya ganda yamemuunguza vidole mpaka ncha zake zimekuwa nyeusi na laini, hazina hata mistari. Alipokwenda kuandikishwa kitambulisho, mashine ya alama za vidole ilimkataa mara tatu. Sasa yeye na wenzake ishirini na sita wana kikundi, wana banda, wana mashine. Ila kwa mpango uliopo, wakishabangua, korosho inatiwa kwenye magunia makubwa na kwenda kufungashwa kwingine, kwa jina la kwingine. Kikundi kiliomba mafunzo ya kufungasha. Wakaandika barua, na barua ikakaa kimya. Ndipo wakaniambia: "Basi wewe unayejua kuimba maneno, tutilie kwenye shairi." Nikatia. Na sasa rula ilikuwa imepita juu yake.

Nikaenda moja kwa moja bandani kumweleza mwenyekiti wao, Bi Antonia.

Bi Antonia ni Mmakonde, mimi ni Mmwera, kwa hiyo sisi ni watani. Msomaji wa mbali aelewe: mtani ana ruhusa ya kukutukana mbele ya mkweo, kukuchukulia kuku wako, kulala ndani ya kaburi la babu yako siku ya maziko akakataa kutoka mpaka alipwe, na wewe huna ruhusa ya kununa. Ukinuna, umevunja utani, na hilo ndilo kosa. Bi Antonia alinichukulia kiatu siku ya arusi ya dada yangu. Nilikwenda msikitini na kiatu kimoja.

"Shikamoo, Mmakonde," nikasema. "Leo umekula panya wangapi?"

"Marahaba. Wote, isipokuwa wewe." Alikuwa anafagia chini ya mashine, khanga kaifunga kiunoni. "Mbona uso umeuvimbisha? Umeona kitabu kisicho na jina lako?"

Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, akiwa ameegemea fagio, na mama akaacha kuchambua korosho akasogea kusikia.

"Kwa hiyo hutasoma," akasema mama.

"Sisomi nusu, mama. Mimi si redio ya betri mbovu."

"Na sisi je? Tutamwambia nini mgeni? Tutampungia mikono arudi kwao?"

Nilikuwa nimeapa kwa niaba ya jina langu, nikasahau kwamba kiapo kile kinawafunga midomo watu ishirini na saba.

Bi Antonia akacheka. "Mmwera ni Mmwera. Umeandika mashtaka, halafu unashangaa kwamba karani ameyakataa. Neno kama hilo haliandikwi kwenye risala. Neno kama hilo hutaniwa. Mimi nikikuambia wewe mwizi wa mihogo, utanipeleka polisi?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Wewe ni mtani."

"Haya. Na hawa wa Vietnam, tumeuziana nao korosho miaka mingapi? Magunia yetu yanalala kwao, mashine zao zimelala kwetu. Wayao na Wamwera waliishia kuwa watani kwa chini ya hapo. Mimi naona wameshakuwa watani, hawajaambiwa tu."

"Mtani huambiwa na nani?"

"Ataambiwa," akasema, akarudi kwenye fagio lake.

Nilidhani ni mzaha. Nilipaswa kujua kuwa kwa mtani, mzaha ndiyo kazi.

Alhamisi ilikuja na jua kali la Novemba. Kina mama walivaa sare ya kitenge cha kijani. Bwana Optatus alikuwa ameshika ratiba mkononi na kufuta jasho kwa ratiba hiyohiyo, hata wino ukamwachia tarakimu za saa kwenye paji la uso. Alinikuta nyuma ya jukwaa.

"Umeamua nini?"

"Nilikuambia Jumanne."

"Basi shairi halipo." Akapiga mstari kwenye ratiba. Safari hii hakuwa na rula, na mstari ulipinda.

Saa nne na nusu gari jeupe likaingia, vumbi likilifuata. Akashuka kwanza kijana mwembamba mwenye tai, Jerome, mkalimani kutoka Dar es Salaam, Mchaga wa Rombo kama nilivyokuja kujua baadaye. Halafu akashuka mgeni. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini hivi, mfupi, mwenye suti ya bluu, na kichwani amevaa ile kofia ya kwao ya majani, pana, iliyochongoka juu kama paa la nyumba ndogo. Jerome akamtambulisha kuwa ni Bi Lien. Bwana Optatus akainama, akanyoosha mkono, akafungua mdomo kusema sentensi aliyoifanyia mazoezi siku nne.

Kabla haijatoka, Bi Antonia alipita katikati yao, akamvua mgeni kofia, akaivaa mwenyewe.

"Mateka!" akapiga kelele. "Mgeni wangu nimemteka! Hapiti mtu hapa mpaka faini ilipwe!"

Kina mama wakapiga vigelegele. Dereva wa gari akashuka mbio. Bwana Optatus alibaki na mkono hewani, akasema kwa sauti ya mtu anayezama, "Bi Antonia. Bi Antonia. Ile ni kofia ya ubalozi."

"Sasa ni kofia ya Mmakonde."

Bi Lien alikuwa amesimama tu, nywele zimemtimka, hajui acheke au arudi ndani ya gari. Macho yake yalimtafuta mkalimani. Na hapo ndipo nilipompenda Jerome, maana uso wake wote ulikuwa umefunguka kama dirisha.

"Huu ni utani!" akasema. "Mheshimiwa Optatus, tulia, huu ni utani! Sisi kwetu na Wapare ni hivihivi. Mpare alinichukulia koti langu kwenye msiba wa shangazi, mpaka leo hajalirudisha."

Akamgeukia mgeni, akaanza kueleza kwa Kiingereza, kwa mikono na mabega. Maelezo yalichukua muda. Mara alijinyooshea kidole, mara alimwonesha Bi Antonia, mara alijifanya amelala chini kaburini, tai yake ikiingia vumbi. Sisi sote tulimwangalia usoni yule mwanamke mfupi, kwa sababu ikiwa atanuna, basi Bwana Optatus alikuwa sahihi kuhusu yai.

Bi Lien alisikiliza mpaka mwisho. Akatazama kofia yake juu ya kichwa cha Bi Antonia. Halafu akapiga hatua mbili, akanyoosha mkono, akaichomoa khanga iliyokuwa begani kwa Bi Antonia, akajitupia mabegani mwake juu ya suti.

Kiranjeranje ililia kwa kicheko. Mama yangu alikaa chini.

"Anauliza," akasema Jerome, akijifuta macho, "faini ni nini?"

Bi Antonia hakufikiri hata kidogo. Bila shaka alikuwa amefikiri tangu Jumanne. "Faini ni kumsikiliza yule Mmwera pale, yule aliyevimba kama mkate. Ana shairi. Alisikilize lote, lisikatwe hata neno. Akimaliza, tutajua kama kofia inarudi."

Watu wote wakageuka kunitazama. Bwana Optatus naye alinitazama, kisha akakitazama kipaza sauti, kisha akamtazama mgeni aliyekuwa tayari amekaa kwenye kiti cha mbele na khanga yake, mikono magotini, akisubiri kulipa faini. Akashusha pumzi. Akanisogelea akanipa kipaza sauti mkononi.

"Kwenye pikipiki yako," akaninong'oneza. "Taratibu."

Nikasoma. Ubeti wa kwanza ulikuwa wa kukaribisha, na nilipofika mstari wa *Umefika kwenye watu, wapole wenye adabu*, mtu mmoja nyuma akasema, "Hasa Bi Antonia!" na ikabidi ningoje kicheko kipite. Ubeti wa pili ulisifu: barabara ya lami, nguzo za umeme, mashine kumi, urafiki wa nchi mbili. Nikafika wa tatu. Sikuharakisha. Nilisoma mistari minne ile nikimtazama mgeni usoni, na kwa mara ya kwanza tangu Jumanne nilisikia jinsi inavyosikika kwa mtu anayesemwa. Jerome alikuwa ameinama sikioni kwake akitafsiri. Alipofika kwenye koti na uchi, aliniangalia kana kwamba ananiomba ruhusa, halafu akasema.

Bi Lien hakucheka. Alisema maneno machache, polepole, na Jerome akayatoa kwa sauti:

"Anasema, yeye amezaliwa Binh Phuoc, mkoa wao wa mikorosho. Mama yake alikuwa mbanguaji. Anasema korosho zilizomlipia ada ya shule, nyingine zilitoka huku kwenu."

Nikaona mama yangu anaficha vidole vyake chini ya khanga, kama afanyavyo siku zote mbele ya wageni. Na nikaona kwamba mgeni ameviona.

Halafu Bi Lien akasimama, akaongeza kitu, na safari hii Jerome alianza kucheka kabla hajatafsiri.

"Anasema: mtani hutukanwa na kutukana. Wewe umemsema, naye ana haki yake. Anasema kijana anayelia sana juu ya korosho, bila shaka anajua kuibangua. Anaomba aione mikono yake ikifanya kazi. Kwa njia ya zamani, bila mashine. Korosho kumi yeye, korosho kumi wewe."

Hapa lazima niseme ukweli ambao shairi langu liliukalia kimya. Mimi sikuwa nimebangua korosho tangu nina miaka tisa. Kubangua, kwetu, wanaume tumewaachia mama zetu na dada zetu, halafu tunaandika mashairi juu yake.

"Nipo tayari," nikasema, kwa sababu mdomo wangu hauna breki.

Wakaleta korosho zilizochomwa, mawe mawili, na vijiti. Katikati wakaweka bakuli la majivu. Mimi nilishika jiwe. Bi Lien alivua saa yake, akakunja mikono ya suti, na bila kuambiwa na mtu, alichovya vidole vyote kwenye majivu na kuvisugua mpaka vikawa vyeupe, ili mafuta ya ganda yasimuunguze. Kina mama wakaguna wote kwa pamoja. Hakuna hotuba ambayo ingewaambia zaidi ya hapo.

Nisiwachoshe. Yeye aligonga mara moja, kwa pembeni, ganda likafunguka kama mlango, na kiini kikatoka kizima, cheupe, kimejikunja. Moja. Mbili. Tatu. Mimi niligonga kama mtu anayeua nge. Ya kwanza ikawa unga. Ya pili iliruka ikampiga Bwana Optatus kifuani. Ya tatu niliyasahau majivu, na mafuta yakanikumbusha. Alipomaliza kumi, zote nzima, mimi nilikuwa na moja nzima, vipande vya korosho nne, na kidole mdomoni.

"Usikitie mdomoni, we!" mama akapiga kelele. "Utavimba na ulimi, tukose hata mashairi!"

Bi Lien alikuja akanishika mkono, akanipaka majivu mwenyewe. Akasema kitu kwa upole, na Jerome akatafsiri kwa upole uleule:

"Anasema ubeti wa tatu una haki. Lakini mwandishi wake ana vipande."

Sijawahi kushindwa mbele ya watu wengi namna ile, na sijawahi kufurahi namna ile. Hata Bwana Optatus alikuwa anacheka, na kile kipande cha korosho alichokipata kifuani alikuwa anakitafuna.

Kabla ya kuondoka, Bi Lien aliomba karatasi ya shairi. Hakutoa ahadi pale. Alisema wazi kwamba yeye si wa kuweka saini peke yake, na sisi tulimheshimu kwa hilo kuliko angeahidi mbingu. Alisema ataipeleka mezani, zikae pande zote mbili, ya kwao na ya kwetu. Karatasi niliyokuwa nayo ilikuwa ileile yenye mstari mwekundu. Bwana Optatus akaiona, akaichukua, akatoa kalamu yake. Pembeni mwa ubeti wa tatu, chini ya mstari wake wa rula, akaandika: *Ubeti huu ubaki.* Akaweka saini.

"Na kofia?" Bwana Optatus akamwuliza Bi Antonia, wakati gari linawashwa.

"Faini haijaisha. Huyu Mmwera kashindwa, kwa hiyo mgeni kalipa nusu tu. Aje aikomboe mwenyewe."

Bi Lien alitoa kichwa dirishani, akaishika khanga yake mabegani kwa mikono miwili, akatikisa kichwa: hata yeye harudishi. Wakaondoka hivyo kuelekea Lindi, mheshimiwa wa ubalozi na khanga ya Mmakonde.

Ilipita miezi miwili na nusu. Barua ilikuja kwa mkono wa Bwana Optatus mwenyewe, aliyetoka Lindi kwa basi ili aisome kwa sauti yake. Nafasi mbili za mafunzo ya kufungasha, miezi mitatu, Binh Phuoc. Kikundi kichague. Walimchagua Bi Antonia kwa sababu ya mdomo wake, na Mastura kwa sababu ya mikono yake. Kwenye hati ya kusafiria, mashine ya alama za vidole ilimkataa mama tena mara mbili, na ya tatu ikakubali kidole gumba.

Ndani ya bahasha mlikuwa pia na pakiti ndogo ya korosho, ya dukani kwao, na karatasi aliyoiandika Jerome kwa Kiswahili: *Kwa mtani Bashiru. Hizi ni zenu, zimerudi uchi. Zijazo mzivishe wenyewe. Mazoezi yanaendeleaje?*

Kofia bado ipo, imetundikwa kwenye msumari juu ya mashine ya kwanza, na haruhusiwi mtu kuigusa. Mazoezi yanaendelea vizuri. Kila Ijumaa baada ya swala napita bandani, nachovya vidole kwenye majivu, nagonga kumi huku kina mama wananizomea. Wiki iliyopita nilifikisha saba nzima. Bi Lien akija kuikomboa kofia yake, atanikuta na kumi, na ubeti mpya wa kumchokoza.